Maswali ya Wasomaji: Safari ya Ukingo wa Irente, Lushoto

Tangu tulipochapa makala fupi kuhusu barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, barua nyingi zilizotufikia zimeulizia mahali pamoja tu, yaani ukingo wa Irente. Hapo ni kwenye majabali yaliyo kilomita zipatazo sita kutoka Lushoto mjini, ambapo mlima hukatika ghafla na nyika ikaonekana chini, kwa kina cha karibu mita 1,000. Nimechagua barua sita na kuzijibu kadiri nafasi ilivyoruhusu.

*Mhariri, sisi ni familia ya watu watano tunaoishi Kibaha. Mwezi wa Desemba tutakwenda Moshi kwa gari letu, na mume wangu anasema tunaweza kukata kona pale Mombo, tupande hadi Irente, tupige picha, tushuke na kuendelea na safari siku hiyo hiyo. Mimi naona tutakuwa tunajitesa. Tusaidie. – Mama wa watoto watatu, Kibaha*

Mama, nakuunga mkono, na ninaomba umwonyeshe baba watoto hesabu hii. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lakini si kilomita za barabara kuu. Ni kona juu ya kona, na dereva mwenye busara hutumia muda wa saa nzima au zaidi kuzimaliza. Kutoka Lushoto mjini hadi ukingoni kuna mwendo mwingine katika barabara nyembamba ambayo sehemu zake ni za udongo. Ukijumlisha kupanda na kushuka, mtakuwa mmetumia karibu saa tatu kabla hata hamjakaa chini kutazama chochote, na dereva wenu atakuwa barabarani tangu alfajiri, na Moshi bado iko mbali.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mkitoka Kibaha asubuhi mtafika Irente saa saba au saa nane mchana, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Joto la nyika huwa limepanda, vumbi na mvuke vimetanda, na mandhari yote hufifia kama picha iliyosahauliwa juani. Watu hufika saa hizo, wakatazama kwa dakika tano, wakaondoka wakisema kwamba Irente inasifiwa bure.

Laleni Lushoto usiku mmoja. Nendeni ukingoni alasiri ya siku ya kwanza, kuanzia saa kumi na moja, kwa sababu genge lile linatazama magharibi na jua huzama mbele yenu, upande wa nyika. Halafu, kama watoto wanaweza kuamka mapema, rudini asubuhi ya pili. Asubuhi jua huchomoza nyuma ya mlima, kwa hiyo mlima wenyewe hulaza kivuli chake juu ya nyika, kivuli kirefu sana ambacho mtu asipoelekezwa anaweza kudhani ni msitu. Kadiri jua linavyopanda, ndivyo kivuli hicho kinavyorudi polepole kuelekea miguuni penu, mabati ya nyumba za Mazinde, kijiji kilicho chini ya ukingo, yakianza kung'aa moja moja kila kinapoyapita. Nimewahi kukaa juu ya jabali lile nikikitazama hadi chai yangu ikapoa mkononi, na sikujuta.

Desemba ni mwezi mzuri pia kwa kuwa plamsi huanza kuiva. Hata hivyo, mvua za vuli huweza kuwa bado hazijaisha, kwa hiyo someni pia jibu la barua inayofuata.

*Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa miaka mitano, nimezoea barabara za Arusha, lakini sijawahi kuendesha milimani. Nina gari dogo la gia za kawaida. Je, barabara ya Mombo–Lushoto inanifaa, au niache gari Mombo nipande basi? – Msomaji, Arusha*

Ndugu yangu, gari dogo lililo zima linapanda bila shida, maana barabara ni ya lami. Swali la kweli ni kuhusu kushuka, na hapo nitakueleza kwa kirefu kwa sababu nilijifunza kwa hofu.

Mwaka mmoja nilishuka kutoka Lushoto na gari la kukodi ambalo mwenyewe alinihakikishia kwamba breki zake ni mpya. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kutazama jua likichomoza, nikashuka kwa gia namba nne, mguu ukiwa juu ya breki karibu wakati wote. Kabla hatujafika Soni, mji mdogo ulio katikati ya njia hiyo, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni mkaa wa watu kando ya barabara. Kona iliyofuata nilikanyaga breki, na kanyagio likazama chini zaidi ya kawaida, laini, kana kwamba nimekanyaga mto wa pamba. Nikarudisha gia namba mbili, injini ikanguruma, gari likapunguza mwendo, nikasimama mahali palipopanuka. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka kwenye magurudumu ya mbele. Kijana mmoja alikuja na ndoo ya maji akitaka kuyamwagia, na mzee aliyekuwa akiuza mapeasi akamkataza, akisema chuma chenye moto mkali kikimwagiwa maji baridi huweza kupasuka. Tulisubiri zaidi ya nusu saa vipoe vyenyewe. Baadaye fundi alipofungua magurudumu alinionyesha kwamba vitambaa vya breki vilikuwa vimelika karibu kwisha, kwa hiyo kosa lilikuwa la mwenye gari kwa upande mmoja, na langu kwa upande mwingine.

Tangu siku hiyo nafuata kanuni ambayo madereva wa milimani wameifuata miaka yote: gia uliyoitumia kupanda mteremko ndiyo utakayoitumia kuushuka. Shuka kwa gia nzito, namba mbili au hata moja penye mteremko mkali, uiache injini ishike gari. Breki ikanyage kwa nguvu kidogo, mwendo upungue, kisha iachie ipate kupoa, badala ya kuibana polepole kwa kilomita nzima. Usishuke kamwe gia ikiwa huru kwa nia ya kuokoa mafuta. Wenye magari ya otomatiki nao wasiache mkono wa gia kwenye D peke yake; washushe kwenye 2 au L.

Kwenye kona usizoweza kuona mbele, piga honi na ubaki upande wako. Basi likija nyuma yako, tafuta mahali pa kusimama ulipishe, kwa sababu dereva wake anaijua barabara ile kwa kila shimo na anafuata saa za safari. Gari linalopanda na mzigo lipewe nafasi, maana likisimama katikati ya mlima huenda likashindwa kuondoka. Jaza mafuta Mombo, na kagua breki kabla ya kutoka Arusha, kwa macho ya fundi unayemwamini. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo na mawe huweza kuporomoka barabarani, hivyo uliza pale Mombo kabla ya kupanda. Usiku usiendeshe kabisa.

Kama baada ya kusoma haya moyo wako bado unasita, acha gari Mombo. Mabasi madogo yanapanda Lushoto kila siku, na ukikaa dirishani utaona bonde lote, jambo ambalo dereva haruhusiwi kulifanya.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Tunakusudia kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita Irente. Nisingependa waende kushangaa tu. Je, ni nini hasa wanachokiona kutoka pale juu, na kwa nini mlima ukatike kama ukuta? – Mwalimu, Korogwe*

Mwalimu, hii ndiyo barua niliyofurahi kuipokea kuliko zote, kwa sababu Irente ni darasa ambalo ubao wake umeandikwa tayari.

Waanze kwa kuutazama mlima wakiwa chini. Mkiwa njiani kati ya Korogwe na Mombo, waambie waangalie upande wa kulia, milima inavyoinuka kutoka kwenye nchi tambarare karibu bila kutanguliwa na vilima. Wengi hudhani kila mlima mrefu wa kaskazini ulitokana na volkano kama Kilimanjaro. Usambara haikutokana na volkano. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, msururu unaoanzia Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Miamba yake ni ya kale sana kuliko ile ya Kilimanjaro, na iligeuzwa na joto na mgandamizo ikiwa chini kabisa ya ardhi. Ardhi ikapasuka kwa mistari mirefu, upande mmoja ukainuka na mwingine ukazama, kisha mvua za mamilioni ya miaka zikauchonga ukingo hadi ukawa kama tunavyouona. Mwanafunzi akiweka kiganja juu ya jabali la Irente aangalie mistari myembamba, myeupe na myeusi, inayopishana ndani ya jiwe. Mistari hiyo ni alama ya mgandamizo huo, na ataikumbuka kuliko mchoro wowote wa kitabuni.

Kisha waulize kwa nini pale waliposimama kuna kijani na baridi, na chini, mahali panapoonekana kana kwamba jiwe likirushwa litafika, kuna miiba na vumbi. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, hugonga milima, hupanda, hupoa na kuangusha mvua huku juu. Zikishavuka ukingo na kuteremka upande wa magharibi huwa zimebakiwa na unyevu mdogo. Wasambaa wana maneno mawili yaliyogawa dunia hiyo tangu zamani: *shambaai*, nchi ya juu yenye ubaridi na migomba, na *nyika*, nchi ya chini yenye joto na homa. Vijiji vingi vya zamani vilijengwa karibu na kingo kama hizi, kwa sababu mtu aliyeishi hapo aliweza kulala mahali penye hewa nzuri na bado akalima mashamba ya aina mbili, ya juu na ya chini, ili mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili umwokoe.

Historia nayo iko mbele ya macho yao. Kijiji kilicho chini ya ukingo ni Mazinde. Mfalme Kimweri ye Nyumbai aliitawala nchi ya Wasambaa kutoka Vugha, huko juu milimani, hadi alipofariki mwaka 1862, na kiti kikarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Lakini Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa amejiweka Mazinde, kando ya njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Biashara ya misafara ilimpatia bunduki na wafuasi, na kabla miaka ya 1860 haijaisha alimng'oa Shekulwavu, akamweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha Vugha, huku yeye mwenyewe akibaki Mazinde. Hakuona haja ya kuhamia ikulu ya mlimani. Nguvu ilikuwa imeshuka mlima, kwa sababu mali ilikuwa ikipita chini, na ukisimama Irente unaona waziwazi kwa nini: bonde lile ni njia ya asili, na hata leo barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inapita humo humo. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, ikaifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1893 ndio pia mkonge ulioletwa kutoka Florida na Mjerumani Richard Hindorf ulipopandwa kwa mara ya kwanza nchini, na mistari iliyonyooka kama ya daftari ambayo wanafunzi wataiona huko chini ni mashamba ya mkonge.

Ushauri mmoja wa kazi, Mwalimu. Wape kila mmoja karatasi, na kabla hujasema neno lolote wachore wanachokiona kwa robo saa. Ndipo uanze kueleza, ukianzia na kile walichokichora wenyewe.

*Mhariri, nilipanda Irente mwezi wa Juni, nikalipa ada ya kuingia, na sikuona chochote isipokuwa ukungu mweupe. Nilipoomba nirudishiwe fedha, walinikatalia. Je, hii ni haki? – Aliyesikitika, Tanga mjini*

Pole sana. Ada ile ni ya kufika mahali, na mawingu hayana mhudumu, kwa hiyo sidhani kama walikosea kukataa, ingawa wangeweza kukueleza hali ilivyo kabla ya kupokea fedha yako. Wewe nawe siku nyingine uliza kabla ya kulipa. Kuanzia Juni hadi Agosti Lushoto huwa na baridi kali na ukungu mara kwa mara, hasa asubuhi, lakini ukungu wa huko hauna tabia ya kukaa siku nzima. Mara nyingi kufikia saa nne au saa tano hupasuka. Kama ungesubiri kidogo, huenda ungeshuhudia kitu ambacho wa siku za jua kali hawakioni: ukungu unapanda genge kwa kasi kama moshi wa jiko, unakupiga usoni ukiwa na maji, kisha tundu linafunguka ghafla na kupitia humo unaona kipande kidogo cha nyika chenye jua, barabara na lori moja linalotembea, halafu tundu linajifunga tena.

Wakati wa kusubiri, rudi nyuma kidogo hadi kwenye shamba la Irente la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambalo mtu hulipita akitoka mjini. Wanatengeneza jibini, jemu na mkate, na chakula hicho kinafaa sana siku ya baridi.

*Shikamoo Mhariri. Mama yangu ana umri wa miaka sabini na miwili, goti linamsumbua, na anaogopa urefu. Anatamani sana kufika Irente kwa sababu marehemu baba alimsimulia. Pia tutakuwa na wajukuu wawili watundu. Je, nimpeleke? – Binti, Muheza*

Marahaba, mwanangu. Mpeleke. Gari au bodaboda hufika karibu kabisa na ukingo, na kwa goti la mama chagua gari; umbali wa kutembea uliobaki ni mfupi. Anayeogopa urefu halazimiki kufika kwenye ncha ya jabali. Mwekee kiti au kanga mita kadhaa nyuma, aketi kwanza akiwa ameyatazama mashamba ya nyuma, kisha ageuke taratibu macho yakianzia mbali, kwenye upeo wa nyika, badala ya kuanzia chini. Kizunguzungu huletwa zaidi na kutazama chini ukiwa umesimama. Nimeona wazee wakikaa hivyo saa nzima kwa raha kamili.

Ninaogopa zaidi kwa ajili ya wajukuu. Usitegemee uzio. Jabali huwa na utelezi ukungu unaposhuka, na upepo wa ukingoni huja kwa mikupuo. Kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja asiye na kazi nyingine, na mtu huyo asiwe ndiye mpiga picha. Kwa vijana wanaosoma ukurasa huu nao, nasema kwa upendo: msirudi nyuma kinyumenyume ili simu iwachukue wote. Pigeni picha mkiwa mmekaa.

*Ndugu Mhariri, utanicheka. Nimezaliwa Mazinde na nina miaka thelathini na moja. Kila asubuhi naliona genge la Irente juu ya paa letu, wageni wanatoka mbali kuja kulipanda, lakini mimi sijawahi kufika. Wenzangu wananiambia nitaona nini ambacho sikijui? – Kijana wa Mazinde*

Sikucheki hata kidogo, kijana wangu. Watu wengi wa bondeni wako kama wewe, kwa sababu kupanda kuna nauli, na siku ya kazi haina nafasi ya kwenda kutazama. Lakini katika wote walioniandikia, wewe ndiwe ninayetamani zaidi ufike, kwa kuwa mgeni akitazama chini huona nyika nzuri isiyo na majina, na wewe utaona shamba la fulani, njia ya kwenda kisimani, shule uliyosoma na mti ambao watu hukaa chini yake.

Panda basi hadi Lushoto. Ukitoka mjini tembea kwa miguu. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa mtu mwenye nguvu zako, katikati ya mashamba ya mboga. Kama hujui njia, mjini kuna vijana wanaoongoza wageni, na ukiwaambia unatoka Mazinde watakueleza bila kukutoza cha mgeni. Fika kabla ya saa nne asubuhi, wakati kivuli cha mlima kimeshaondoka nyumbani kwenu lakini joto halijaleta ukungu wa vumbi. Ukisimama ukingoni ukitazama mbele, Mombo iko kushoto kwako, upande wa kusini, na safu ya Upare iko mbali upande wa kulia. Tafuta kwanza mstari wa barabara kuu, ushuke nao kwa macho hadi kwenye njia panda unayoijua, kisha uanze kuhesabu mapaa.

Kabla hujaondoka nyumbani, mwachie mdogo wako kioo cha mkononi. Mwambie saa nne kamili asimame uani, mahali pasipo na mti, akishike kioo kikilipokea jua, akigeuze polepole kuelekea majabali ya juu, huku na huku, kwa dakika kumi. Simu iwe mkononi. Siku ya jua safi utaona mmweko mdogo mweupe katikati ya nyika yote ile, na hapo utampigia umwambie umemwona.